Kivuli, Chembe na Mwangwi: Historia ya Kupiga Picha Saratani ya Titi

Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei nchini Ujerumani mwezi Novemba 1895, madaktari walipata njia ya kuona ndani ya mwili bila kutumia kisu, ingawa titi liliendelea kuwasumbua kwa muda mrefu, kwa kuwa tezi zake na uvimbe wa saratani huzuia mionzi kwa viwango vinavyokaribiana, tofauti na mfupa, ambao hujitokeza wazi.

Mwaka 1913 Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa Berlin, alichapisha utafiti wake juu ya matiti takriban 3,000 yaliyokwisha kuondolewa kwa wagonjwa, ambamo alilinganisha picha na nyama yenyewe akaona vidoa vidogo ndani ya saratani. Vidoa hivyo ni chembe za chokaa, na thamani yake ilieleweka zaidi karibu miaka 40 baadaye, Raúl Leborgne wa Uruguay alipoonyesha kwamba titi likibanwa vizuri kabla ya kupigwa picha, chembe hizo huonekana zimekusanyika kama punje laini za chumvi. Robert Egan wa Houston aliiboresha mbinu hiyo mwaka 1960, na baadaye katika muongo huo Charles Gros wa Strasbourg akasaidia kubuni mashine maalumu ya mamografia, yaani eksirei ya titi. Utafiti ulioanza New York mwaka 1963, ukihusisha wanawake wapatao 62,000, ndio uliothibitisha kwamba uchunguzi wa mapema hupunguza vifo.

Hata hivyo, katika titi la mwanamke kijana, lenye tezi nyingi, tezi na uvimbe huonekana vyote vyeupe, na jambo hili lina uzito Afrika, ambako wagonjwa wengi hawajafika umri wa uzee. Hapo ndipo inapofaa ultrasaundi, ambayo Kongo huitwa ekografia, iliyojaribiwa kwenye titi na John Wild na John Reid wa Minnesota mwanzoni mwa miaka ya 1950: mawimbi ya sauti hurudi kama mwangwi, uvimbe wa maji ukaonekana mweusi, na ule mgumu ukajibainisha, pasipo mionzi yoyote.

Kwa mfano, huko Kirungu, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, mashine ndogo ya ekografia inayobebeka ina nafasi kubwa zaidi ya kumfikia mgonjwa kuliko ile nzito ya mamografia, inayohitaji umeme wa uhakika na msomaji wa picha aliyebobea. Mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuzindua mwaka 2021 unataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na kwa kipimo hicho picha peke yake haitoshi, kwani huonyesha tu mahali pa kuchomwa sindano, ilhali jibu hutolewa na maabara inayochunguza seli za uvimbe chini ya hadubini.