Tarakilishi ikizimika ovyo, chunguza prosesa

Tarakilishi inapokwama au kuzimika ovyo, wengi hulaumu virusi. Lakini iwapo ni ya mezani na prosesa yake ni Intel Core ya kizazi cha 13 au cha 14, huenda kasoro ikawa kwingine. Mnamo 2024 Intel ilikiri kuwa maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, ilikuwa ikiitisha volteji kupita kiasi. Septemba mwaka huo ilitoa toleo 0x12B, ambalo huwekwa kwa kusasisha bayosi kutoka kwa mtengenezaji wa bodi kuu. Umeme usikatike kazi hiyo ikiendelea. Bodi yaweza kufa. Hata hivyo, sasisho hukinga tu: prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi. Hiyo irudishwe ibadilishwe, kwani Intel iliongeza waranti yake kwa miaka 2.