Nyumba ya Kandt na Amana za Wazee wa Biryogo

Richard Kandt, Mdachi aliyeasisi mji wa Kigali mwaka 1907, hakuja peke yake. Askari, wapagazi na wafanya biashara walioandamana na utawala ule walisema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah. Nyumba ya Kandt leo ni makumbusho: hapo kwanza ya viumbe, na tangu mwaka 2017 ya historia. Watoto wa shule huingia humo wakafundishwa enzi ya Wadachi, iliyokoma mwaka 1916. Lakini makumbusho husomesha kwa vitu yalivyopewa. Fedha za wahisani hutengeneza paa na makabati. Ama picha na hati za mababu wa Biryogo, ambao Wabelgiji waliwatenga katika kambi ya Waswahili, hazina budi kutoka kwa wajukuu wenyewe, kabla mchwa hawajazifikia.