Feza ya Léopards 1974 ilienda wapi?

Timu ya koleji ikishindwa, tunasema ni juu ya kukosa feza. Lakini tukumbuke Léopards ya Zaïre.

Mwezi wa tatu 1974 walibeba Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli 9. Raisi Mobutu akawapa nyumba na motokari. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika chini ya Sahara kufika huko. Scotland ikawafunga 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazili 3-0. Wao hawakupata hata goli moja.

Nini iliharibika? Wachezaji walikuwa karibu wale wale. Ila Ilunga Mwepu alieleza baadaye kama primu zao ziliishia kwa wakubwa, na mbele ya kukutana na Yugoslavia walitaka kukataa kucheza. Feza ilitoka, haikufika uwanjani.

Basi, tukichangia timu zetu, tuulize pia nani anashika kasha, na mchezaji atapata yake siku gani.