Fremu Ndani ya Fremu: Historia ya Istilahi Moja

Neno fremu liliingia katika Kiswahili kabla ya kompyuta. Seremala hulitumia kwa mbao zinazozunguka mlango, dirisha au picha. Katika miji ya njia panda kama Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako barabara ya Kahama hukutana na ile ya Kibondo, mfanyabiashara asemaye kuwa amepata fremu ana maana ya chumba cha duka. Maana hii ya pili ndiyo itakayomfaa zaidi mfasiri wa maandishi ya kompyuta.

Mwaka 1996 kivinjari cha Netscape Navigator 2 kilileta fremu zilizogawa dirisha zima. Mwaka huo huo Internet Explorer 3 ilileta aifremu, yaani fremu inayopachikwa katikati ya ukurasa. HTML 4.0 ilizikubali zote mbili Desemba 1997. HTML5 ya mwaka 2014 ilizitupa zile za kugawa dirisha, ikaibakiza aifremu.

Aifremu yaweza kubeba ukurasa wenye aifremu nyingine. Programu ya JavaScript itakayo kubadilisha maandishi ya ndani kabisa haina budi kupita hatua kwa hatua: kuishika fremu ya kwanza, kuufikia waraka wake, kuitafuta fremu ya pili, ndipo iufikie waraka wa mwisho. Tena sharti ingoje kila ukurasa uwe umekwisha kupakiwa.

Hapa ndipo mfano wa duka unapotufaa. Mwenye jengo hapangi bidhaa za mpangaji wake. Vivyo hivyo, waraka wenye asili tofauti, yaani itifaki, jina la mwenyeji au namba ya lango lisilolingana, haubadilishwi kutoka nje. Lililoruhusiwa ni kupeleka ujumbe, na waraka wa ndani ukiukubali, hujibadilisha wenyewe.

Wako wafasiri wanaoiita fremu dirisha. Jambo hili huleta mkanganyo, kwa kuwa katika JavaScript kila fremu ina dirisha lake, na kila dirisha lina waraka wake. Mwanafunzi aambiwaye abadilishe dirisha la ndani hatajua kama aondoe ukurasa mzima au arekebishe sentensi moja. Kwa hiyo tunapendekeza fremu iwe chombo, dirisha liwe mandhari ya programu, na waraka uwe maandishi yenyewe. Maneno haya matatu yasibadilishane nafasi katika vitabu vya kiada wala katika miongozo ya ofisi.