"Pain": Mkate, Maumivu na Adhabu

Mwanafunzi wa Gitega au Muyinga anapokutana kwa mara ya kwanza na neno la Kiingereza "pain" husoma mkate. Si ajabu. Kifaransa kimetangulia shuleni, na mkate kwa Kifaransa huandikwa vivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi Burundi mwaka 2014, miaka saba baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno hayo mawili hayana undugu. Mkate umetoka katika Kilatini "panis". "Pain" ya Kiingereza asili yake ni "poena", yaani adhabu au fidia. Ikapitia Kifaransa cha kale na kuingia Uingereza baada ya Wanormandi kuiteka mwaka 1066. Waingereza walikuwa na neno lao, "ache", ambalo hadi leo linatumika kwa kichwa, jino na mgongo. Neno la watawala lilikuja pamoja na mahakama. Ndiyo maana "on pain of death" haizungumzii maumivu hata kidogo: ni tishio la adhabu ya kifo.

Ndugu wa kweli wa neno hilo katika Kifaransa ni "peine", nalo Burundi inalijua vizuri mno. Wabelgiji, walioitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, walitawala kwa kiboko, na Warundi wengi walivuka kwenda Tanganyika na Uganda kutafuta kazi na kuikimbia shuruti hiyo. "Peine de mort" ilifutwa katika sheria za Burundi mwaka 2009 tu.

Kiswahili kimekwenda njia ya kinyume. "Adhabu" imetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mateso makali. Sisi tumeyafanya mateso hayo kuwa hukumu. Kwa mwili tumebaki na kitenzi "kuuma", kazi ya meno, na "uchungu", ambao ni wa dawa, wa mzazi na wa mfiwa.

Nadhani jambo hili si la kamusi peke yake. Wagonjwa wangapi huuliza, "Nimekosa nini?" Kirundi, kwa maoni yangu, kimetenganisha vizuri zaidi: "igihano" ni adhabu, "umubabaro" ni mateso na huzuni. Na kutoka "kubabara", kuumia, kwa kauli ya kutendea, Warundi wamepata "kubabarira": kumhurumia mtu, kumsamehe.