Picha za Hulme: Nani Amesimama Mlangoni?

Mwalimu mmoja aliyetufundisha Kiingereza hapa kambini alituachia albamu ndogo ya nakala za picha. Ni picha za bibi yake na mama yake, zilizopigwa mtaa wa Hulme, jijini Manchester, Uingereza, miaka ya 1940 hadi 1960. Nimeshaifungua albamu hiyo mara nyingi sana. Nawaandikia nilichokiona, maana wengi wetu tunadhani Wazungu walizaliwa na bomba la maji ndani ya nyumba.

Picha ya kwanza: mama amepiga magoti mlangoni, anasugua kizingiti kwa jiwe. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, mstari mzima, mlango unafungukia barabarani. Zilijengwa karne ya 19 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Vyumba viwili chini, viwili juu. Choo kiko uani, na usiku wa baridi unakwenda na taa yako. Kuoga ni katika beseni kubwa la bati mbele ya moto, wote kwa zamu, mara nyingi maji ni yale yale. Lakini kizingiti kilikuwa lazima king'ae. Jirani akipita aone kwamba humu wanaishi watu wenye heshima. Si hata sisi tunafagia mbele ya nyumba za udongo kabla jua halijachomoza?

Picha nyingine inaonyesha nguo zimeanikwa kwenye kamba zilizovuka uchochoro. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Kila nyumba ilichoma makaa ya mawe na viwanda navyo vilichoma, basi masizi yaliangukia mashuka meupe. Kuta zote kwenye picha ni nyeusi. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956 tu.

Halafu kuna picha ya foleni mbele ya duka. Hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Waingereza walianza kupewa chakula kwa mgao Januari 1940, kila mtu na kitabu chake. Vita viliisha 1945, lakini mgao haukuisha. Mkate, ambao haukuwekwa kwenye mgao wakati wa vita, uliwekwa 1946 hadi 1948. Nyama ilikuwa ya mwisho kuachiwa, Julai 1954. Kumbe mtu anaweza kuwa na nchi yake, mfalme wake na jeshi lililoshinda, na bado akahesabiwa gramu za siagi.

Kuna watoto wanaocheza juu ya kifusi. Ndege za Wajerumani ziliipiga Manchester Desemba 1940, na viwanja vyenye mabaki ya nyumba vilikaa hivyo kwa miaka. Kuna pia meza ndefu katikati ya barabara, Juni 1953, siku Malkia Elizabeth alipotawazwa. Sukari ilikuwa bado ya mgao, serikali ikaongeza ratili moja kwa kila mtu ili keki zipikwe. Pembeni ya meza amesimama kijana mweusi. Watu kutoka visiwa vya Karibi walikuwa wameanza kuhamia Hulme na Moss Side. Na karibu na hapo, Chorlton-on-Medlock, ndipo Oktoba 1945 ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika. Jomo Kenyatta alikuwepo, Kwame Nkrumah pia. Walipita mitaa hii hii yenye masizi.

Sasa, hebu tuangalie picha zisichoonyesha. Kamera ya familia ilikuwa kisanduku cha bei nafuu, filamu moja picha 8, na ilitaka jua. Kwa hiyo karibu picha zote ni za kiangazi, za Jumapili, nguo nzuri. Hakuna aliyepoteza picha kwa ajili ya choo au ukuta wenye unyevu.

Hizo zilipigwa na halmashauri ya jiji. Mitaa ya zamani ilipigwa picha kabla ya kubomolewa, na nyingi ya picha hizo zimehifadhiwa: kuta, paa, uchochoro, watu wachache tu. Ukiangalia za jiji unaona tatizo la nyumba. Ukiangalia za familia unaona shangazi. Zote ni kweli.

Hulme ilibomolewa miaka ya 1960. Nyumba zilikuwa mbovu kweli, na bibi wa mwalimu alifurahi kupata bafu. Lakini majirani walitawanywa: wengine Wythenshawe, wengine Hattersley, wengine Langley. Pale pale yalijengwa majengo makubwa ya zege yaliyopinda kama mwezi, yakakamilika 1972. Yalivuja, yaliingia wadudu, na miaka ya 1990 nayo yakabomolewa. Mtu aliyezaliwa pale 1950 hana mlango wa kumwonyesha mjukuu. Ana picha tu.

Hapo ndipo ninapotaka kusema na ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika. Mimi nimepigwa picha mara nyingi hapa: kwenye bomba, kwenye foleni, nimebeba gunia. Sina hata moja. Hizo ni za ofisi, kama zile za kuta za Hulme. Ukinipiga, niletee nakala, na nyuma yake andika jina langu.

Na sisi wenyewe pia. Mama yangu alikimbia na picha moja tu, ya studio ya Uvira, watu sita mbele ya pazia. Nyuma ya picha za mwalimu majina yote yameandikwa kwa penseli. Nyuma ya ile ya kwetu palikuwa patupu. Juzi nilikaa na mama, nikachukua kalamu, tukaanza kutoka kushoto. Watano aliwataja haraka. Wa sita, msichana mwenye gauni la maua, alimtazama sana, akasema, "Huyu alikuwa jirani yetu. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu mwaka jana."

Wenye wazazi hai, msingoje. Chukueni kalamu leo jioni.