Konokono-Pia: Jina na Hatari Yake

Kitabu cha Rumphius juu ya viumbe vya Ambon, kilichochapwa Amsterdam mwaka 1705, kinasimulia habari za mtumwa mmoja wa kike wa Banda aliyeokota konokono baharini wakati wa kuvuta juya. Mkono ukamwasha, mwasho ukaenea mwili mzima, naye akafa. Mwaka 1758 Linnaeus aliwapa konokono wa kundi hilo jina la Conus, neno la Kilatini lenye maana ya pia. Mmoja wao, Conus geographus, apatikanaye hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, alimwua kijana katika kisiwa cha Hayman, Australia, mwaka 1935.

Hapa ndipo istilahi inapogusa uhai wa watu. Kiswahili hutumia neno sumu kwa ile iliwayo na kwa ile itiwayo mwilini kwa mchomo. Mwanafunzi asomaye "konokono mwenye sumu" aweza kudhani kwamba asipomla atasalimika. Kumbe hatari imo katika kumshika: jino lake ni mfano wa chusa, nalo hutia sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Dawa ya kuizimua haijapatikana. Majeruhi husaidiwa kupumua hadi nguvu ya sumu iishe.

Kwa hiyo tunapendekeza konokono-pia kwa jamii nzima, na sumu ya mchomo kwa sumu yake. Nao walimu wa pwani wafundishe hivi: konokono-pia aliye hai, hata awe mzuri namna gani, haokotwi.